Kapteni Wagdi Avuka Bonde

"Kuanzia leo," alitangaza Kapteni Wagdi kutoka juu ya sanduku la risasi, "kikosi hiki cha upelelezi ni jicho la jamhuri lisilolala."

Kikosi chenyewe, wanaume wachache wa milima ya Yemen waliojaza mirungi shavuni, kilimsikiliza kwa heshima. Wawili walikuwa wamelala.

Kapteni alikuwa Mmisri, mshauri wa kijeshi, na alikuwa na haraka. Baba mkwe mtarajiwa kule kwao Tanta alishasema: harusi kabla ya Idi, la sivyo binti anaolewa na daktari wa meno. Kanali naye alishasema: hakuna ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka ngome ya adui, watu wa mfalme aliyepinduliwa, ng'ambo ya bonde, ichorwe pamoja na mizinga yake.

Basi wakavuka asubuhi. Kapteni alitambaa kwa tumbo, majani yamechomekwa kofiani, kama mafunzo yanavyoagiza. Kikosi kilitembea wima kando yake, bunduki begani, kikipiga soga.

"Afande, umedondosha kitu?" aliuliza Sajini Muqbil.

"Inama wewe, watakuona."

"Washatuona. Yule pale katupungia mkono."

Kapteni akazidi kutambaa. Mbele yao alitangulia mtu mrefu mwenye ndevu za hina. Muqbil alikuwa amemtambulisha alfajiri: "Huyu Jubran, anaijua njia." Kweli aliijua. Alimsalimia kila mchungaji, akaulizia na hali za mbuzi. Hakuna risasi hata moja iliyolia, na Kapteni, mdomo umejaa vumbi, akatambua kwamba mafunzo yake yalikuwa yameanza kuzaa matunda.

Walisogea mpaka wakanusa mkate wa adui. Kapteni akachora mizinga, mahandaki, kisima. Akachora hata choo.

Alasiri, Kanali aliutazama mchoro mbele ya hema lake, akasaini ruhusa palepale.

"Na huyo aliyewaongoza apewe nishani. Mwiteni," alisema, akaingia hemani kuitafuta.

Muqbil akajikuna kisogo. "Hayupo, afande. Karudi kwao."

"Kwao wapi?" aliuliza Kapteni.

"Ng'ambo. Ule mzinga wa kushoto uliouchora, mpigaji wake ndiye yeye."

Kapteni akatazama ng'ambo ya bonde, kisha akamtazama Muqbil.

"Sasa ulitaka tupiteje?" Muqbil aliuliza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni mlango ulipo. "Huingii kwenye ardhi ya watu bila mwenyeji wa kukusindikiza. Ukiwa naye, anayekugusa wewe kamvunjia yeye heshima. Vita ni vita, lakini adabu ipo. Tulimwomba, akakubali. Na sisi tukakubali."

"Mkakubali nini?"

Mtu alikohoa taratibu nyuma yao. Kapteni akageuka. Mzungu aliyebabuka kwa jua, kilemba kimemkaa upande, alikuwa ameketi juu ya jiwe, karatasi magotini, penseli mkononi. Kando yake alisimama mmoja wa kikosi, bunduki begani, akitafuna mirungi.

"Huyu ndiye mshauri wao," alisema Muqbil. "Anaomba radhi, afande. Usogee kidogo, umemkingia mzinga."

Hemani, Kanali alisikika bado akipekua masanduku.

Kapteni Wagdi akaikunja ruhusa yake, akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Kisha akasogea.