Goti la Kulia

Gari lilipopunguza mwendo kwenye matuta ya kuingilia Kibiti, Mwanaidi alijikuta amelivuta goti lake la kulia pembeni, kama alivyozoea.

Eda ilikuwa imeisha juzi. Mwanawe alikuja mwenyewe kumchukua wakaishi wote Dar, kwa Benzi jeusi lenye viti vya ngozi na ubaridi wa kuuma meno. Starlet kuukuu ya marehemu mumewe ilibaki Ruaruke chini ya mkorosho, na kuku walishaanza kulala juu yake.

Kile kilikuwa kigari cha kubanana. Miaka ishirini na mbili, kila mumewe alipobadili gia, vifundo vya vidole vyake vilimgusa gotini, na kila mara alisema, “Niwie radhi, mke wangu.” Hakuchoka kusema.

Humu, kati yake na mwanawe, angeweza kukaa mtu wa tatu. Mikono ya kijana ilitulia kwenye usukani. Gari lilibadili gia lenyewe, bila kumgusa mtu.

Likaja tuta jingine. Goti likasogea tena.

“Mama, mbona unajibana na nafasi yote hiyo?”

“Nampisha baba yako abadili gia.”