Mstari wa Chaki

Asubuhi, kaka alipolipandisha gari lake la mbio juu ya matofali ili aishushe injini kwa chini, nilichora mstari wa chaki ukutani, usawa wa bampa. Tuliporudi kutoka kunywa chai, bampa lilikuwa chini ya mstari kwa unene wa kidole.

Kaka alishalala chali, kichwa na mabega yameingia uvunguni.

"Kaka, toka. Gari limeshuka."

"Haya, fundi chaki. Nipe spana ya kumi na saba."

Spana nilikuwa nayo mkononi. Sikumpa.

"Toka kwanza nilisukume. Likitulia nakupa, na sisemi neno tena mpaka kesho."

"Mpaka kesho? Hapo umenipata."

Akajivuta nje taratibu, mgongo ukikokota vumbi, akakaa kunitazama kama mtu anayesubiri kichekesho.

"Na mguu," nikamwambia.

Akaukunja.

Nikaiweka miguu yangu mbali, nikaegemeza bega kwenye mlango, nikasukuma. Kaka alikuwa bado anacheka tofali la kwanza lilipopasuka.