Ombi Linashughulikiwa

Prisca aliposikia kandambili za baba yake zikikaribia jikoni, alizamisha simu kwenye ndoo ya mchele.

"Imeingia maji?" Dokta Abel aliuliza, akiiona kona iliyobaki juu.

"Ndiyo, baba."

Dokta Abel hakuwa mtu wa kuiacha nafasi ya kufundisha ipite. Alisimama hapo na kikombe chake cha chai, akamweleza binti yake kwamba habari ya mchele kukausha simu haijathibitishwa na utafiti wowote wa maana, akaeleza utafiti wa maana ni upi, akagusia na ukubwa wa sampuli. Simu, ambayo haikuwa imeonja hata tone la maji, ikatetemeka ndani ya mchele.

"Naona inapona," akasema, akaenda zake.

Hayakuwa majibu aliyokuwa akiyasubiri. Kampuni ya simu ilikuwa inamshukuru kwa kuwa mteja wa thamani.

Prisca alikuwa ameomba kuhamia chuo kimoja cha Dodoma. Kila akifungua akaunti yake mtandaoni, alikuta maneno yaleyale: ombi linashughulikiwa. Siku alipopiga simu kuuliza, dada mmoja mwenye sauti tamu alimwambia awe na subira kwa sababu ombi lake linashughulikiwa. Ilimfariji sana kujua kwamba ofisini na mtandaoni hawapingani.

Wenzake wangemshangaa. Alikuwa anakaribia kumaliza mwaka wa kwanza Morogoro, kwenye chuo ambacho baba yake mwenyewe alikuwa mhadhiri wa takwimu, na bahati ya namna hiyo haimwangukii kila mtu. Akifaulu, kasaidiwa na baba. Akifeli, mtoto wa Dokta kafeli. Akijiunga na kundi la majadiliano, mazungumzo yanahamia kwenye mawingu yaliyokaa juu ya milima ya Uluguru, kana kwamba Dokta yuko kwenye begi lake.

Na ukumbini, swali likikosa wa kulijibu, Dokta Abel alitabasamu na kusema, "Prisca mwanangu, hili si tulilizungumza jana mezani?" Siku ya somo la uwezekano ndiyo iliyovunja rekodi. Akitafuta mfano hai, alitaja umri ambao binti yake aliacha kukojoa kitandani. Wanafunzi walilielewa somo vizuri ajabu. Kufikia jioni, hata wa vitivo vingine walikuwa wamelielewa. Tangu hapo jina la Prisca pale chuoni likawa Sampuli.

Aliyejua habari za uhamisho ni mama yake peke yake, tena baada ya kuapishwa. Walikuwa wanamenya ndizi zilizotoka Mkuyuni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni lazima iwe Dodoma. Mbeya nako ni pazuri, alisema, tena kuna hewa nzuri. Prisca akamweleza kwamba kozi yake iko Dodoma. Mama akafungua mdomo, akaufunga, akachukua ndizi nyingine.

Kisha Dokta Abel akabadilika. Alianza kupokea simu nje, chini ya mpapai, na Prisca akitokea alishusha sauti. Ukumbini aliacha kumwita. Mezani alikuwa akimtazama kwa muda mrefu bila kusema neno, na kwa mtu kama yeye hilo lilitisha. Prisca akajua siri imevuja. Wahadhiri wanafahamiana nchi nzima. Bila shaka baba yake alikuwa anazunguka kwa marafiki zake kuhakikisha ombi linaendelea kushughulikiwa mpaka binti azeeke.

Majibu yalifika Jumamosi mchana, akiwa anaanua nguo kukwepa mvua iliyokuwa inashuka kutoka milimani. Amekubaliwa. Aliisoma ile habari mara nyingi huku nguo zikilowa upya.

Jioni hiyo Dokta Abel alirudi nyumbani Kihonda na kuku wawili na soda, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. Prisca aliona asipozungumza sasa hatazungumza tena. Walipokaa kula, akasema:

"Baba, nimepata uhamisho. Nakwenda Dodoma."

Dokta Abel aliweka kijiko chini. Prisca alikuwa amejiandaa kwa mhadhara, hata hoja za kumjibu alikuwa nazo. Badala yake baba yake aliuliza, kwa sauti ndogo, kama ni kwa sababu yake.

Prisca alishindwa kudanganya. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa nimepanga foleni kantini," Dokta Abel alisema. "Wenzako hawakuniona. Nikasikia wanavyokuita, nikaona ulivyoinama. Usingizi haukuja siku ile."

Akaeleza kwamba tangu hapo alikuwa anatafuta kazi mahali pengine, ili binti yake abaki asome kwa amani, aitwe kwa jina alilobatizwa nalo. Simu zote zile za chini ya mpapai zilikuwa za hilo. Jana amesaini mkataba mpya, na huku amekwisha kuaga.

Prisca aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Alizunguka meza, akamkumbatia baba yake kama ambavyo hakuwahi kumkumbatia tangu shule ya msingi, na wote wawili wakalia bila kuoneana haya. Mama aliinuka ghafla, akaenda jikoni kutafuta chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mezani.

"Na wewe unakwenda wapi, baba?" Prisca aliuliza, akijifuta machozi.

Dokta Abel alimtazama, na uso wake ukaanza kung'aa taratibu, kama wa mtu aliyejibiwa dua ambayo hakuthubutu kuiomba.

"Hukohuko Dodoma, mwanangu, chuo hichohicho," alisema. "Mwaka wa pili wamenipa wote."