Zamu ya Doto

Tangu iruhusiwe kuwalaza watoto usingizi mrefu miezi ya njaa, hakuna aliyejua kubana matumizi kama Mama Kulwa wa Tabora. Njaa ilipopita wenzake waliwaamsha wana wao, yeye akaendelea. Wanawe pacha, Kulwa na Doto, aliwalaza kwa zamu. Mwezi wa Kulwa kuwa macho, Doto alikuwa ndani ya sanduku la baridi, hali, havai, haumwi. Sare ilikuwa moja, na viatu pea moja.

Siku ya Iddi moyo wa mama ulilainika. Alimwamsha Doto, akapika pilau, akawaketisha wote mkekani. Wasichana wakatazamana kama wageni waliokutana msibani.

"Huyu ndiye anayevaa viatu vyangu?" Doto aliuliza.

"Ni dada yako, mwanangu. Kuleni."

Kulwa alikula matonge mawili, akanawa. Kisha akaenda mwenyewe kulala sandukuni.

"Kulwa! Leo sikukuu, hakuna zamu!"

"Tukiwa macho wawili, Mama, unga hautafika mwisho wa mwezi," alijibu, kwa sauti ileile ya mama yake.

Doto akainuka, akamfunika dada yake vizuri, akarudi mkekani kummalizia pilau yake.