Jua la Chupa

Mwaka 1995, katikati ya kiangazi, siku mbili kabla ya harusi yake, Fidelma Keaveney alisimama bafuni nyumbani kwa mama yake, amejifunga taulo, akanyoosha mkono rafuni na kushika hewa. Chupa haikuwapo.

Ilikuwa chupa ya krimu ambayo wanawake wa kijiji chao, Drumlara, waliiita jua la chupa. Ukijipaka usiku, asubuhi unaamka na ngozi ya mtu aliyerudi kutoka pwani ya Hispania. Fidelma hakuwa na njia nyingine. Jua la kweli lilimfanya mwekundu, kisha ngozi ikabambuka, kisha akarudi mweupe vilevile. Krimu yenyewe ilikuwa imeagizwa Dublin, na Dublin haikuwa karibu.

"Nitaingia kanisani kama mshumaa!" alilia. "Mshumaa wenye shela!"

Dada yake, Attracta, alipekua kila kabati. Mama yao akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, akawataja watu waliopanda ghorofani tangu chupa ifike: fundi wa bomba, Padri Tierney, aliyekuja kuwaaga kabla ya safari yake ya Nchi Takatifu akanywa chai birika zima, na Bi. Philomena Gilhooly, mama wa bwana harusi, aliyekuja kulitazama gauni na kulisema.

"Philomena," Attracta alisema. "Jana nimemwona sokoni. Amekuwa mweusi kama mkate uliosahauliwa jikoni."

"Labda ni jua," Mama alisema.

"Basi tutajua. Jua halichomi viganja, Mama. Anayejipaka akasahau kunawa, viganja vyake hugeuka rangi ya machungwa wiki nzima, hata asugue kwa mawe."

Alasiri Bi. Philomena akaja kuleta orodha ya shangazi watakaokuja harusini. Alivaa kofia pana, na mikononi glavu nyeupe za lesi.

"Umependeza, mama mkwe," Fidelma alisema. "Rangi hiyo umeipata wapi?"

"Shambani, mwanangu. Nimegeuza nyasi za kukausha tangu Jumatatu. Wengine tunafanya kazi."

"Basi vua glavu, tuvione viganja."

Bi. Philomena akaweka kikombe chini polepole. "Unaniita mwizi?"

"Nimeomba viganja tu."

"Mwana nikupe, na viganja nikuonyeshe? Sivui! Kama wewe ni polisi, lete pingu."

Attracta alimvuta Fidelma kiuno anyamaze, lakini maneno yalikwisha kutoka. "Ikithibitika kuwa si wewe, nitakupigia magoti mbele ya kanisa zima. Ila haitathibitika!"

"Vyema," alisema Bi. Philomena, akiinuka. "Mimi nitakaa benchi la mwisho. Misa ikiisha, nitaondoka na watu wangu wote. Keki yenu mtaila wenyewe, na hatutaonana tena, si Krismasi, si ubatizo."

Jioni ile Malachy, bwana harusi, alisimama langoni bila kuingia. "Mwombe radhi, Fidelma. Mama hatanii."

"Avue glavu."

"Nipate mke nipoteze mama, kwa sababu ya krimu?"

Fidelma akafunga lango. Usiku kucha aliliona benchi lile la mwisho, na watoto ambao hawangemjua bibi yao.

Ijumaa Padri Tierney akarejea. Parokia nzima ilikuwa imeoka keki na kuuza tiketi za bahati nasibu mwaka mzima ili aione Yerusalemu, naye alisimama sebuleni, kahawia hadi masikioni, mikono mifukoni, amebana kwapani chupa ya soda.

"Maji ya Mto Yordani," alisema, akainama Mama ayachukue. "Sitashikana mikono na mtu, nimepata mafua ndani ya ndege."

"Mtazameni!" Mama alifuta chozi. "Uso wa mtume!"

"Jua la kule halina mchezo," Padri alikiri.

"Hata padri amenishinda," Fidelma alinung'unika.

"Nyamaza, wewe. Huo ni weusi wa baraka, hauuzwi dukani. Na Kalvari, Padri, kukoje?"

Padri alifikiri. "Kuna mawe," alisema. "Mawe mengi sana." Kisha akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea, akatoka hata kabla chai haijachemka.

Jumamosi Fidelma aliingia kanisani mweupe kuliko gauni lake. Katika benchi la mwisho Bi. Philomena aliketi wima, mikono yake yenye glavu juu ya magoti, macho mbele. Shangazi waliomzunguka walikuwa wamekwisha kupakata mikoba yao, tayari kwa safari. Malachy alikuwa akisubiri mbele, hajui amtazame nani.

Ogani ikanyamaza. Padri Tierney akapanda madhabahuni, akawageukia waumini wake, na kwa furaha ya mtu aliyerudi kwao salama akaifungua mikono yake miwili, wazi kabisa.

"Bwana awe nanyi," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Kuanzia ncha za vidole hadi vifundo vya mikono, viganja vya Padri vilikuwa na rangi ya karoti.

Fidelma alikusanya gauni lake, akaipa madhabahu mgongo, akarudi peke yake juu ya zulia lile refu hadi benchi la mwisho. Hapo, mbele ya kanisa zima, akapiga magoti.