Dohani Juu ya Mafiga

Mume wa Mwanamkasi alipigilia msumari wa mwisho, akashuka ngazini. Dohani aliyoiunga kwa mabati ya madebe ilikuwa imeshakaa juu ya mafiga, mdomo wake umetokeza nje ya ukuta.

"Haya, Mwanamkasi, washa."

Mwanamkasi alizipanga kuni, akazipangua, akazipanga tena. Tangu wamzike mtoto wao, mumewe hakutaka marehemu atajwe. Basi yeye akawa analilia jikoni, na akiulizwa husingizia moshi.

Moto ulishika. Moshi ukapanda wote ndani ya bati, ukatokomea nje.

Mumewe alicheka kwa furaha, kisha akamwona mkewe machozi yanamtiririka. Kicheko kikakatika.

"Na sasa je?" aliuliza polepole.

Mwanamkasi akamsogezea kigoda.

"Kaa," alisema. "Leo tutamtaja."