Kiti cha Kuinukia

Mama alikuwa ameketi, na sasa watahini watatu walikuwa wakimsubiri ainuke.

Binti yake alisimama kando, mikono nyuma kama msimamizi wake alivyomwagiza, lakini miguu haikutulia. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shahada yake yote ya uzamivu ilikuwa pale: kiti cha mninga alichokichonga, akakivunja, akakichonga tena, na maandishi mazito kama tofali yaliyodai kwamba mzee mwenye magoti mabovu atainuka kwenye kiti hicho bila kushika kitu. Ndiyo maana hakukiwekea pa kushikia.

"Haya Mama, inuka tu," alisema mtahini mwenye miwani.

Mama akajivuta mbele. Kiti kikamsukuma kiunoni taratibu, kama kilivyokusudiwa. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda, vidole vimekunjuka, ukabaki unapapasa hewa.

Binti akautazama mkono ule. Aliujua uzito wake. Aliijua hata sugu iliyo chini ya kidole gumba. Karakana alimokichongea kiti ikamrudia akilini: kila jaribio la Mama kuinuka, kila "hongera Mama", na kila mara kiganja hicho kilikuwa ndani ya chake, wala hakuwahi kuliandika hilo popote.

Watahini wakainua macho kutoka kwenye karatasi zao.

"We mtoto," Mama akasema, akicheka kwa aibu mbele ya wageni, "mbona leo unaninyima mkono? Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"